Usiache chapo, ongeza ndengu

Kila ukifungua simu siku hizi kuna mtu amejirekodi akikuambia uache wanga. Yuko kwenye jikoni jeupe lenye friji ya milango miwili, nyuma yake kuna blenda, na mkononi ameshika mkate uliookwa kwa unga wa lozi. Anasema ni rahisi sana. Wewe unamtazama ukiwa stejini, mandazi ya shilingi kumi mkononi, na salio la M-Pesa ni 180 za kukufikisha Ijumaa. Unacheka, unasongesha video, unaendelea kutafuna.

Sikulaumu. Ushauri mwingi wa lishe unaotufikia umetolewa na watu wasiojua kujaza gesi ya kilo sita ni pesa ngapi. Lakini niazime dakika chache, manake naona tumechanganya mambo mawili hapa. Huyo msee wa video dawa yake haitufai, ila ugonjwa anaousema upo. Tunakula unga mweupe na sukari kupita kiasi, na sisi wa mjini ndio tumezidi. Na si lazima uache kitu unachokipenda ndipo upunguze.

Hebu hesabu siku ya kawaida ya kijana wa Nairobi. Asubuhi ni chai yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili, au KDF moja kama njaa ni ya ukweli. Saa nne kuna soda na kipande cha keki. Mchana chapo tatu na maharagwe ambayo ukitaka unaweza kuyahesabu moja moja, mengine yote ni supu. Jioni ni ugali wa unga wa pakiti, mlima mzima, na sukuma imewekwa pembeni kama maua ya kupamba. Umekula mara nne na bado ni kitu kilekile kinabadilisha nguo: ngano iliyokobolewa, mahindi yaliyokobolewa, sukari na mafuta.

Nieleze hilo neno kukoboa kidogo, kwa sababu mambo mengi yanaanzia hapo. Punje ya hindi au ngano ina ganda la nje, ina kiini kile kidogo ambacho ndicho huota, halafu ina sehemu kubwa ya katikati ambayo ni wanga mtupu. Kiwanda kikikoboa kinatoa ganda na kiini. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Kiini ndicho chenye mafuta, na mafuta hayo huuchachusha unga haraka ukikaa. Kwa hivyo unga uliokobolewa unakaa dukani miezi bila kuharibika, na hiyo ni habari njema kwa mwenye kiwanda na mwenye duka. Baadaye sisi wenyewe tukaamua kwamba mweupe ndio wa watu wenye pesa na ule wa rangi ni wa ushago.

Nisiseme uongo, unga wa pakiti si sumu. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe vitamini na madini kama chuma na zinki, na hilo limesaidia watu. Lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Na nyuzinyuzi ndizo huuchelewesha mwili kugeuza chakula kuwa sukari kwenye damu. Bila hizo, sukari inapanda mbio, mwili unatoa insulini ya kuishusha, na saa tano asubuhi uko hapo unapiga miayo na kutafuta smokie, ilhali ulikula saa mbili.

Mimi si mtaalamu wa lishe. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na sikuwa nikisomea mambo ya chakula. Ninayajua haya kwa sababu mathe wangu aliambiwa ana kisukari cha aina ya pili, na mimi ndiye nilikuwa nyumbani.

Kliniki moja mtaani ilimpa karatasi iliyotolewa fotokopi mpaka maandishi yamefifia. Kule upande wa vyakula vinavyoruhusiwa kuliandikwa oti, brokoli, samaki wa maji baridi, mkate wa rai. Mathe anauza nguo za mtumba. Aliniuliza, “Rai ndio nini?” Sikuwa na jibu la kumpa. Upande wa vilivyokatazwa kulikuwa na ugali, wali, chapati, mkate na viazi, yaani kila kitu ambacho amewahi kukipika. Akajaribu. Wiki mbili alikula kabeji ya kuchemsha na yai kama mtu anayetumikia kifungo, wiki ya tatu akarudi kwa ugali wake akiwa na hasira, na sukari ikapanda juu zaidi ya mwanzo.

Kilichokuja kusaidia hakikuwa kwenye ile karatasi. Muuguzi mwingine, mama mtu mzima, alimuuliza swali moja tu: “Kwa sahani yako, ugali unachukua nafasi gani?” Mathe akasema nusu, halafu akacheka, akasema robo tatu. Yule muuguzi akamwambia aigeuze. Robo iwe ugali, nusu iwe mboga, na robo inayobaki iwe maharagwe, omena, mayai au nyama. Ugali wenyewe uwe wa posho mill uliochanganywa na wimbi. Hakumkataza kitu. Mathe hulipenda managu na terere kuliko nyama, kwa hivyo kwake hiyo haikuwa adhabu. Sukari yake si ya malaika, na dawa anameza kila siku, lakini haipandi tena kama zamani na yeye hali chakula akinung’unika. (Kama wewe au mzazi wako anadunga insulini, usipunguze wanga kwa kusoma makala. Kipimo cha dawa huenda pamoja na chakula, na sukari ikishuka ghafla ni hatari. Ongea na daktari kwanza.)

Najua utaniambia nini. Utaniambia Kipchoge anakula ugali. Kila mtu ninayemweleza haya lazima amtaje Kipchoge! Ni kweli anakula, na tena wa kutosha. Lakini Eliud Kipchoge akiwa mazoezini hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki. Wewe jana ulipanda boda kutoka stejini hadi kwenye geti. Wanga ni mafuta ya gari, na gari linalosafiri kwenda Busia na kurudi linahitaji tangi kujazwa. Lako limeegeshwa. Vilevile, kama uko mjengo unabeba mawe kutwa nzima, makala haya hayakuhusu sana, kula chapo zako kwa amani. Naongea na sisi tunaokaa: wa saiba, wa kol senta, wa kuuza simu dukani, mwenye boda ambaye siku nzima yuko juu ya kiti, na mimi ninayeandika haya nikiwa nimelala.

Sasa tuongee kuhusu pesa na moto, manake watu wa video hawagusi hapo.

Kijana anayeishi bedsita hali unga mweupe kwa sababu ni mjinga. Anaula kwa sababu unaiva haraka. Ugali ni dakika kumi na tano. Mkate hauhitaji hata kiberiti. Maharagwe makavu ni saa mbili au tatu za moto, na hiyo ni gesi. Githeri ndio usiseme. Kwa hivyo chakula ambacho kingetusaidia, na ambacho wazee wetu walikula bila kukiita lishe, ndicho ghali zaidi kupika ukiwa peke yako na mtungi mdogo. Tatizo hilo mtaa ulilitatua zamani, na tunalipita kila jioni tukielekea nyumbani.

Namaanisha wale akina mama wenye sufuria kubwa kando ya barabara, wanaouza githeri na maharagwe yaliyochemshwa, wanapima kwa kikombe. Wanachemsha kwa makaa, kwa wingi, na wewe unanunua kazi iliyokwisha kufanywa. Unafika nyumbani, unakaanga kitunguu na nyanya, unatupa dhania, na dakika kumi baadaye una chakula chenye mahindi mazima, maharagwe, nyuzinyuzi na protini. Mahindi ya githeri hayajakobolewa, yana ganda na kiini chake. Ongeza parachichi la shilingi ishirini na pilipili, uniambie kama ile sahani ya unga wa lozi inaweza kushindana nayo. Sijawahi kuona mtu akimrekodi mama wa githeri na kumwita mtaalamu wa afya, ilhali yeye ndiye anatufanyia kazi hiyo kwa bei ya kikombe. Tena ukiwa mteja wake wa kila siku anakuongezea.

Kwa kibandaski napo hesabu ni rahisi. Chukua kile ninachokula mimi: pale kwetu chapo ni 20, na ndengu sahani ndogo ni 40. Chapo tatu na ndengu ni 100. Chapo moja na ndengu mara mbili ni 100 vilevile. Pesa haijabadilika hata shilingi, kilichobadilika ni nani amekuja kutembelea mwenzake, chapo au ndengu. Mara ya kwanza nikiagiza hivyo mathe wa kibanda aliniangalia akauliza, “Ndengu mbili na chapo moja? Uko sawa, kijana wangu?” Siku hizi akiniona ananiwekea bila kuuliza, na huongeza kachumbari juu, ya bure. Kachumbari usiidharau. Ndiyo hukufanya usihisi umenyimwa kitu, kwa sababu mdomo hautafuti wanga, unatafuta ladha: chumvi kidogo, ukali wa kitunguu, ndimu, pilipili.

Na ukishapata sahani yako, anza na ndengu na mboga, chapo uimalizie. Inaonekana kama ushirikina lakini si ushirikina. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell kule New York waliwapa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili mlo uleule siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na juisi, siku nyingine walianza na mboga na kuku, mkate ukaja mwisho. Siku ya mboga kwanza sukari kwenye damu haikupanda sana kama siku ile nyingine, na chakula ni kilekile. Ni watu 11 tu, si umati, sikwambii ujenge dini juu yake. Lakini kubadilisha mpangilio wa kula hakukugharimu chochote.

Nikirudi kwa chapo yenyewe, muulize mzazi wako alikula chapo mara ngapi akiwa mtoto. Wengi watakuambia Krismasi, na siku wageni wakija. Watu walikuwa wanaanza kukanda unga asubuhi, watoto wanazunguka jikoni kama paka, mtu anaficha moja chini ya shati. Chapati ilitufikia na watu kutoka Bara Hindi, ikaingia mijini, na kwa muda mrefu ilikuwa chakula cha sherehe kwa sababu ngano ilikuwa ghali. Hata leo Kenya inanunua ngano yake nyingi kutoka nje, ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza 2022 bei ya mkate na unga ilipanda huku kwetu. Sasa tunakula ile chapo ya Krismasi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, mezani kwa plastiki, huku tunachezea simu. Kusema kweli hatuisikii hata utamu. Mimi nimeipa chapo ya nyumbani Jumapili. Inapikwa vizuri, laini, ya safu safu, na siku hiyo nakula mbili, wakati mwingine tatu, na sihesabu. Nikiingoja wiki nzima inakuwa tamu zaidi kuliko zile ishirini nilizokuwa nikimeza.

Sukari ni kesi nyingine, na hapo sitakuwa mpole sana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya Wakenya wanane kati ya kumi huongeza sukari kwenye vinywaji. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani kama vijiko sita vya chai. Soda moja ya nusu lita ina karibu gramu 50. Umemaliza bajeti ya siku nzima kwa chupa moja ukingoja matatu ijae, na bado hujanywa chai. Soda ningekwambia uifanye kama chapo, ya Jumapili. Chai usiiguse, punguza tu nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea, hata hautagundua. Tangawizi, iliki na mdalasini husaidia sana hapo katikati, hasa chai ikiwa ya maziwa, manake maziwa yenyewe yana utamu wake. Mimi nilianzia vitatu na saa hii niko kwa kimoja. Kwa ofisi za watu nikipewa chai iliyotiwa sukari tayari, naona kama nakunywa sharubati.

Kuhusu mkate wa kahawia nitasema kidogo tu. Rangi ya kahawia inaweza kutoka kwa ngano nzima, na inaweza kutoka kwa rangi. Geuza pakiti usome orodha ya viungo, ambayo hupangwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi. Kama ngano nzima haiko ya kwanza, unalipa zaidi kwa mkate mweupe uliokaa juani. Bora ununue viazi vitamu au nduma, vichemshwe, vinywewe na chai. Hivyo navyo ni wanga, ndiyo, lakini hakuna kiwanda kilichopita katikati, na kipande cha nduma kinakushikilia hadi saa saba wakati slesi nne za mkate zimekuacha saa nne.

Jambo moja linaniudhi katika mjadala huu wote: mboga za kienyeji ziligeuzwa kuwa aibu. Managu, saga, kunde, mrenda, terere, kuna wakati ukizibeba kwa matatu watu walijua umetoka ushago. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT amezitafiti na kuzipigania miaka mingi, na leo ziko hadi kwenye supamaketi, zimefungwa kwa plastiki na bei yake imepanda. Mama mboga bado anazo kwa bei ya mtaa, na akikukatia unabaki na kazi ya kupika tu. Mrenda ukikushinda kwa kuteleza, sawa, kila mtu na mipaka yake. Mimi mwenyewe saga chungu siwezi mpaka ilale kwa maziwa usiku mmoja.

Limebaki la unga. Kama nyumbani kwenu ugali ni wa kila siku, hapa ndipo mabadiliko madogo huzaa makubwa. Tafuta posho mill, mitaa mingi bado inayo, mara nyingi iko nyuma ya soko na utaisikia kabla ya kuiona. Nunua mahindi kilo mbili tatu, na kama mfuko unaruhusu, wimbi au mtama kidogo wa kuchanganya. Ila chagua mahindi makavu, magumu, yasiyo na ukungu wala punje zilizovunjika na kubadilika rangi. Hapo usione haya kuchambua mbele ya mwenye duka. Mwaka 2004 sumu ya ukungu wa mahindi, ile aflatoksini, iliua watu 125 upande wa Makueni, Kitui na maeneo jirani, na kupika hakuitoi. Ukisaga, usisage ya mwezi mzima, kwa sababu unga wenye kiini huchacha. Ya wiki moja au mbili inatosha.

Halafu mwambie yule jamaa wa mashine asikoboe. Lazima umwambie, manake akikuona kijana wa simu kubwa na viatu safi atadhani unataka ule mweupe. Atakuuliza mara mbili. Mwambie unataka vile vile, na ganda lake, kama wa shosho.